Malcolm X: Mfungwa aliyeanza upya kwa Kilatini na kamusi

Na Mwandishi Wetu

WENGI wanamkumbuka Malcolm X kwa hotuba zake kali, kwa miwani yake, na kwa kifo chake cha risasi mjini New York, Februari 21, 1965. Wachache wanajua kwamba mtu huyo, ambaye wasomi wa vyuo vikuu walifikiri mara mbili kabla ya kusimama naye kwenye mdahalo, alifika umri wa miaka 20 akiwa hawezi kuandika barua ya ukurasa mmoja ikasomeka.

Na wachache zaidi wanajua kwamba njia iliyomtoa huko ilipitia kwenye masomo ya Kilatini, aliyoyachukua kwa njia ya posta akiwa mfungwa.

Habari hii inatugusa sisi tulio ughaibuni. Mtu anafika London, Minneapolis au Toronto na vyeti vyake mkononi. Kisha anapewa fomu ya hospitali, mkataba wa nyumba au kitabu cha mtihani wa uuguzi, na humo anakuta maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Anaona haya kuuliza. Analiruka neno la kwanza, analiruka la pili, mwisho anakuta ameuruka ukurasa mzima.

Malcolm alikuwa hivyo hivyo, na mwenzetu huyo Kiingereza ndiyo lugha aliyozaliwa nayo.

MTOTO WA MHUBIRI

Alizaliwa Mei 19, 1925, mjini Omaha katika jimbo la Nebraska, akapewa jina la Malcolm Little. Baba yake, Earl Little, alikuwa mhubiri wa Kibaptisti na mfuasi wa Marcus Garvey, yule Mjamaika aliyewahimiza watu weusi wajitegemee na waitazame Afrika kama kwao. Mama yake, Louise, alitoka kisiwa cha Grenada. Alikuwa mwanamke aliyesoma, na watoto wake aliwasomesha magazeti nyumbani, likiwemo gazeti la Garvey.

Familia ilihamia Lansing, Michigan. Huko nyumba yao iliteketezwa kwa moto mwaka 1929. Miaka miwili baadaye baba alikutwa amekanyagwa na tramu, na familia haikuacha kuamini kwamba wazungu wenye chuki ndio waliomuua. Louise alibaki na watoto wengi na njaa. Mwaka 1939 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, akakaa huko zaidi ya miaka 20. Watoto wakatawanywa, huyu kwa jirani, yule kwa walezi.

Hata hivyo darasani Malcolm hakuwa mjinga. Katika shule ya mji wa Mason, ambako karibu wanafunzi wote walikuwa weupe, alichaguliwa kuwa kiongozi wa darasa. Masomo aliyoyapenda yalikuwa Kiingereza na historia.

Siku moja mwalimu wake wa Kiingereza alimuuliza angependa kuwa nani. Akajibu kwamba angependa kuwa mwanasheria. Mwalimu akamwambia, kwa upole kabisa, kwamba hilo si jambo la mtu mweusi kuliota, na kwamba kwa kuwa mikono yake ni mizuri, afikirie useremala.

Malcolm alisimulia baadaye kwamba siku ile moyo wake ulikufa kwa habari ya shule. Alimaliza darasa la nane, akaenda Boston kwa dada yake wa baba mmoja, Ella, na hakurudi darasani tena.

LUGHA YA KIJIWENI

Boston na baadaye Harlem, New York, zilimfundisha mambo mengine. Alianza kwa kung'arisha viatu katika ukumbi wa dansi, akafanya kazi kwenye treni, kisha akaingia kwenye bangi, kamari na wizi. Mitaani walimwita Red, kwa sababu ya nywele zake nyekundu.

Hapa inafaa tuelewane. Malcolm hakuwa bubu. Kijiweni alikuwa msemaji wa kupigiwa mfano, na lugha ya mtaani aliijua hadi mwisho wake. Lakini lugha ile ilikoma pale pale. Mbele ya hakimu haikumsaidia, na kwenye karatasi haikuandikika.

Januari 1946 alikamatwa Boston kwa sababu ya saa ya wizi aliyokuwa ameipeleka kwa fundi. Mwezi uliofuata akahukumiwa miaka minane hadi kumi. Alikuwa hajatimiza miaka 21.

MZEE BIMBI

Gereza la kwanza lilikuwa Charlestown, lililojengwa mwaka 1805. Chumba hakikuwa na maji ya bomba, na choo kilikuwa ndoo. Malcolm aliingia na hasira. Alimtukana Mungu na dini kiasi kwamba wafungwa wenzake walimwita Shetani.

Kisha akakutana na mfungwa mkongwe, mwizi wa kuvunja nyumba aliyekuwa amezunguka magereza mengi. Jina lake lilikuwa John Bembry, lakini kitabu cha maisha ya Malcolm kinamwita Bimbi.

Mzee huyu hakuwa na misuli ya kutisha wala fedha, lakini alipozungumza watu walisimama kumsikiliza, hata askari magereza. Alikuwa msomaji mkubwa kuliko wote katika maktaba ya gereza. Malcolm alikuwa hajawahi kuona mtu anayeheshimiwa kwa maneno peke yake.

Bimbi alikuwa na tabia moja ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Alipenda kulichukua neno, kulifungua kama fundi anavyoifungua saa, na kueleza kila kipande kilitoka wapi.

Siku moja alimwambia kijana yule, bila kumbembeleza, kwamba ana akili, kama angetaka kuitumia. Wakati huo huo dada yake Hilda alimwandikia kumshauri ajifunze Kiingereza na mwandiko, kwa sababu kadi alizowahi kumtumia hazikusomeka.

Malcolm akaanza masomo ya Kiingereza kwa njia ya posta. Kadiri miezi ilivyopita, sarufi aliyoisahau ikaanza kumrudia. Na kwa kuwa maelezo ya Bimbi kuhusu asili ya maneno yalikuwa yamemkaa kichwani, kimya kimya akaanza masomo mengine, safari hii ya Kilatini.

KWA NINI KILATINI?

Msomaji anaweza kuuliza: mwizi wa saa ana haja gani na lugha ya Warumi wa kale?

Jibu ni rahisi tukianzia nyumbani. Chukua mzizi wa Kiswahili -som-. Tukiuongezea viambishi tunapata soma, somo, msomi, msomaji, somesha, someka, kisomo. Mgeni akiujua mzizi huo mmoja, hahitaji kukariri maneno yote hayo. Na wenzetu wa Muscat wanaojua Kiarabu wanaona mara moja kwamba kitabu, katibu na maktaba ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa herufi za kaf, ta na ba zenye maana ya kuandika zimo katika yote matatu.

Kiingereza nacho kina utaratibu huo, ila mizizi yake mingi si yake. Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa muda mrefu Kifaransa, ambacho ni mtoto wa Kilatini, kikawa lugha ya watawala na mahakama. Baadaye wasomi, madaktari na wanasayansi wakawa wanachota moja kwa moja kwenye Kilatini na Kigiriki kila walipohitaji neno jipya. Matokeo yake, zaidi ya nusu ya maneno yaliyomo katika kamusi ya Kiingereza yana asili huko.

Kwa hiyo anayejua vipande hivyo ana funguo mfukoni. Kipande 'dict' kinatokana na kusema. Ndani yake mna 'dictionary', kitabu cha maneno. Weka 'pre', yaani kabla, upate 'predict', kusema kabla jambo halijatokea, yaani kutabiri. Weka 'contra', yaani dhidi ya, upate 'contradict', kupingana na alichosema mwenzako. Na 'dictator' ni mtu ambaye akisema, imekwisha.

Kipande 'spect' ni kutazama. 'Inspect' ni kutazama ndani, ndiyo kukagua. 'Spectator' ni mtazamaji. Hata 'respect' asili yake ni kugeuka na kumtazama mtu tena, na hapo ndipo ilipozaliwa heshima.

Kigiriki nacho kimetoa 'tele', mbali, 'phone', sauti, 'graph', kuandika, 'bio', uhai. Kwa wale wanaofanya kazi ya kutunza wazee, vipande viwili vya Kigiriki vinaweza kuokoa maisha. 'Hyper' ni kuzidi, na 'hypo' ni kupungua au kuwa chini. Mgonjwa wa 'hypertension' shinikizo lake la damu limepanda. Wa 'hypotension' limeshuka. Tofauti ni herufi chache tu, lakini anayezichanganya anaweza kumpa mgonjwa huduma ya kinyume.

Ndani ya gereza vipande hivyo vilikuwa na maana ya pekee. Neno 'convict', yaani mfungwa, linatokana na Kilatini cha kushinda, ule ule mzizi uliozaa 'victory', ushindi, na 'convince', kumshawishi mtu hadi akubali. Aliyeshindwa mahakamani na anayemshinda mwenzake kwa hoja wamebeba neno moja.

Neno 'prison' nalo linatokana na kitenzi cha Kilatini cha kukamata. Kitenzi hicho hicho ndicho kilichozaa 'comprehend', kuelewa, maana anayeelewa amelikamata jambo. Waswahili wanalijua hilo bila kwenda Roma: mwanafunzi mzuri tunasema amelishika somo.

Na tusiwacheke Waingereza kwa kuazima. Neno letu gereza wataalamu wanalieleza kuwa limetokana na 'igreja' ya Wareno, yaani kanisa. Na 'igreja' yenyewe ilitoka kwenye Kilatini, ambacho kiliitoa kwa Wagiriki, na huko maana yake ilikuwa mkutano wa watu walioitwa. Kumbe kila anayesema gereza pale Mombasa au Unguja anasema Kigiriki bila kujua.

MIZIZI PEKE YAKE HAIKUTOSHA

Hapa ndipo habari ya Malcolm inapokuwa na faida kuliko vitabu vingi vinavyouza njia za mkato.

Mwaka 1948, kwa juhudi za dada yake Ella, alihamishiwa Norfolk, gereza la aina tofauti kabisa. Lilikuwa na walimu kutoka vyuo vikuu, midahalo kila wiki, na maktaba kubwa iliyotokana na vitabu vya tajiri mmoja aitwaye Parkhurst.

Pamoja na kozi zake za posta, Malcolm alipofungua vitabu vile alikuta karibu kila sentensi ina maneno asiyoyajua, kana kwamba yameandikwa Kichina. Aliyaruka, na alipofika mwisho wa kitabu hakujua kilisema nini.

Lililomuumiza zaidi lilikuwa barua. Ndugu zake walikuwa wamejiunga na Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu weusi wa Marekani iliyoongozwa na Elijah Muhammad, nao wakamshauri amwandikie kiongozi huyo. Barua ile ya kwanza ilikuwa ya ukurasa mmoja tu. Aliiandika na kuichana na kuiandika tena mara 25 hivi, akitafuta isomeke na ieleweke. Msemaji wa kijiweni alikuwa hawezi kusema alilonalo moyoni.

Ndipo akaomba kamusi, madaftari na penseli katika shule ya gereza.

Siku mbili alikaa akiifunua tu, asijue aanzie wapi, maana hakuwahi kujua kwamba kuna maneno mengi kiasi kile. Mwishowe, kwa kukosa njia nyingine, akaanza kunakili. Ukurasa wa kwanza aliunakili wote kwa mwandiko wake mbovu, hadi alama za nukta. Ilimchukua siku nzima. Kisha akajisomea kwa sauti kila alichoandika.

Kesho yake aliamka akiyawaza maneno yale. Aligundua kwamba hakuwa ameandika mengi kwa mpigo tu, bali ameandika maneno ambayo hakujua kama yamo duniani. Moja lililomkaa kichwani lilikuwa la ukurasa ule wa kwanza: 'aardvark', mnyama wa Afrika mwenye masikio marefu anayechimba mashimo na kula mchwa. Sisi tunamwita muhanga.

Akaendelea na ukurasa wa pili, wa tatu, hadi herufi A ikajaza daftari zima, akaingia B. Kwa makadirio yake mwenyewe, kati ya madaftari hayo na barua, kabla hajatoka gerezani alikuwa ameandika maneno yapatayo milioni moja.

Funguo alizopewa na Bimbi sasa zikawa na milango ya kufungua. Mtu anayejua vipande na hasomi ni kama mwenye bunda la funguo asiye na nyumba. Na anayesoma bila kujua vipande anabisha hodi kila mlango upya.

KUSOMA GIZANI

Taa za gereza zilizimwa saa nne usiku. Mlango wa chumba chake ulipitisha mwanga kidogo kutoka kwenye ukumbi wa nje. Malcolm aliketi sakafuni penye mwanga huo, akasoma. Askari alipokaribia katika zamu yake, karibu kila saa moja, aliruka kitandani na kujifanya amelala. Akishapita, akarudi sakafuni. Hivyo hadi saa tisa au kumi alfajiri.

Alisoma historia ya ustaarabu, historia ya watumwa, vitabu vya W.E.B. Du Bois na Carter G. Woodson, na habari za Mendel na urithi wa viumbe. Macho yakaharibika. Miwani ile ambayo dunia ilikuja kumtambua kwayo aliipata gerezani, kwa kusoma gizani.

Midahalo nayo ikampa uwanja. Alizungumzia adhabu ya kifo, mafunzo ya lazima ya jeshi, hata swali la nani hasa aliandika tamthilia za Shakespeare. Huko alijifunza kwamba neno lililoko daftarini bado si lako; linakuwa lako siku unapolisema mbele ya mtu anayekupinga na ukabaki umesimama.

ALITOKA KWA NENO

Agosti 1952 aliachiliwa kwa parole, baada ya miaka sita na nusu. Neno hilo, ambalo nasi Tanzania tunalitumia katika Bodi ya Parole, lina asili ya Kifaransa, na maana yake ni neno. Mfungwa anaachiliwa kwa kutoa neno lake kwamba hatarudia. Kwa Malcolm maana hiyo ilitimia mara mbili, kwa kuwa maneno ndiyo mali pekee aliyotoka nayo.

Aliacha pia jina. Little lilikuwa jina walilopewa mababu zake na mtu aliyewamiliki. Akachukua X, alama ambayo katika hesabu husimama badala ya kisichojulikana, kuwakilisha jina la ukoo wa Afrika ambalo utumwa ulilifuta. Mtu aliyejifunza kulitafutia kila neno asili yake alikuta kwamba neno moja, jina lake mwenyewe, haliwezi kufuatiliwa.

Mwaka 1954 akawa msimamizi wa msikiti wa Nation of Islam huko Harlem. Mwaka 1958 akamuoa Betty Sanders, wakajaliwa mabinti sita, wawili wa mwisho wakiwa mapacha waliozaliwa baada ya kifo chake. Watu walipomsikia kwenye redio au televisheni walidhani amesoma hadi chuo kikuu. Mwenyewe alisema wazi kwamba aliishia darasa la nane, na kwamba elimu yake yote ilitoka gerezani.

Hatusemi kwamba kila alichosema kilikuwa sahihi. Kwa miaka karibu 12 alifundisha kwamba wazungu wote ni mashetani, fundisho aliloliacha baada ya kuachana na Nation of Islam mwezi Machi 1964 na kwenda Hija mwezi uliofuata. Kuwa na maneno mengi hakumzuii mtu kukosea. Lakini kulimwezesha kukiri kosa lake hadharani na kwa lugha iliyo wazi, jambo ambalo wengi wenye madaraka hawaliwezi.

DAR ES SALAAM, OKTOBA 1964

Mwaka huo alizunguka Afrika mara mbili. Huko Ibadan, Nigeria, wanafunzi walimpa jina la Kiyoruba, Omowale, mtoto aliyerudi nyumbani. Hilo nalo limejengwa kwa vipande: omo ni mtoto, na kilichobaki ni kurudi kwao. Mtu wa X alikuwa amepata neno la kuweka mahali pa kisichojulikana.

Mwezi Oktoba alifika Dar es Salaam, akakutana na Rais Julius Nyerere na Abdulrahman Mohamed Babu, wakati huo waziri katika serikali ya Muungano. Alikwenda pia Kenya, akaonana na Jomo Kenyatta. Nchi aliyoitembelea ilikuwa bado inaitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Oktoba 29, siku chache baada ya kuondoka kwake, ikatangazwa kuwa Tanzania: Tan ya Tanganyika, Zan ya Zanzibar, na mwisho unaofanana na ule wa Ethiopia, Nigeria na Zambia, ambao asili yake ni Kigiriki na Kilatini. Taifa zima likawa limepata jina kwa njia ile ile ya kuunganisha vipande.

Desemba 1964 Babu naye alikuwa New York, na Malcolm akamkaribisha azungumze na watu wake katika ukumbi wa Audubon.

Safari hizo zilimwachia jeraha moja. Alikaa na watu waliompenda, lakini hakuweza kuzungumza nao bila mkalimani. Katika kurasa za mwisho za kitabu chake anakiri kwamba alipenda lugha na alitamani kuwa mjuzi wa lugha nyingi. Alitaka lugha za Afrika, alitaka Kichina, na Kiarabu alikuwa ameshaanza. Alitamani pia kurudi darasani, na bado alikumbuka kwamba angeweza kuwa mwanasheria mzuri.

OXFORD

Desemba 3, 1964, alisimama katika ukumbi wa midahalo wa Oxford, Uingereza, akiwa upande mmoja na mshairi wa Scotland, Hugh MacDiarmid. Hoja ilitokana na maneno ya mwanasiasa wa Marekani, Barry Goldwater, aliyetetea msimamo mkali katika kulinda uhuru. Malcolm aliieleza kwa kuuliza kwanza neno lenyewe lina maana gani na nani amepewa haki ya kumbandika mwenzake. Akamleta na Hamlet wa Shakespeare kama shahidi. Kura zilipohesabiwa upande wake ulishindwa, lakini mdahalo huo watu bado wanautazama, na waliomshinda hawakumbukwi.

Magazeti yalikuwa yakimwita 'radical' kama tusi. Bimbi angelifungua neno hilo kwa dakika moja. Linatokana na 'radix', Kilatini cha mzizi. Ni mtu anayeshuka hadi kwenye mzizi wa jambo.

Februari 14, 1965, nyumba yake ilichomwa moto mkewe na watoto wakiwa ndani, walinusurika. Wiki moja baadaye, katika ukumbi ule ule wa Audubon alikosimama Babu, alipigwa risasi akiwa ndiyo kwanza ameanza kuzungumza. Alikuwa na miaka 39. Watu watatu walitiwa hatiani mwaka 1966. Wawili kati yao mahakama iliwafutia hatia mwaka 2021, mmoja akiwa ameshafariki. Amezikwa Hartsdale, New York, kwa jina la El-Hajj Malik El-Shabazz.

TUNACHOBEBA

Kitabu cha maisha yake, alichokiandaa na Alex Haley, kilitoka mwaka ule ule wa kifo chake. Kwa Kiingereza kinaitwa 'Autobiography'. Msomaji aliyefika hapa anaweza kulifungua neno hilo bila msaada: 'auto' ni nafsi, 'bio' ni uhai, 'graph' ni kuandika. Kijana ambaye kadi yake haikusomeka na dada yake aliacha maisha yake mwenyewe katika maandishi.

Kwa ndugu na dada zetu wanaohangaika na Kiingereza huku ugenini, somo si kubwa wala halina gharama. Kila wiki chukua vipande viwili au vitatu, uviandike kwenye daftari na maneno yanayozaliwa humo. Kisha uyatafute katika gazeti, katika barua ya benki, katika kitabu cha kazi, na uyaseme mbele ya watu hata kama watacheka.

Angalieni pia mitego. 'Pedestrian' ni mtembea kwa miguu, maana 'ped' ya Kilatini ni mguu. Lakini 'pediatrician' si daktari wa miguu, ni daktari wa watoto, kwa kuwa 'ped' hiyo ni ya Kigiriki na maana yake ni mtoto. Kwa hiyo kisia kwanza, halafu fungua kamusi uhakikishe. Ndivyo alivyofanya Malcolm, na yeye taa ilizimwa saa nne.

Sisi wa leo taa zetu haziwi na askari. Mwalimu yule wa Mason alikwishafunga hesabu kwamba mtoto yule anafaa kuwa seremala. Hakukosea sana: aligeuka kuwa fundi wa kuunga vipande, ila havikuwa vya mbao.